Kumwombea makaratasi mwenza asiye na kibali Marekani: anzeni na alivyoingia nchini

"Tukifunga ndoa, si atapata makaratasi?" Swali hili huulizwa kanisani, msikitini, kwenye harusi za watu na kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa Marekani, na jibu linalotolewa haraka haraka ni "ndiyo". Jibu hilo limewaponza wengi. Ndoa yenyewe haimpi mtu kibali cha kuishi. Inampa mwenza aliye raia au mwenye grini kadi haki ya kumwombea, basi. Kama maombi hayo yataishia kwenye mahojiano hapa hapa Marekani, au kwenye safari ya ubalozini yenye hatari ya kufungiwa nje miaka 10, hilo linategemea mambo mawili ambayo cheti cha ndoa hakiyagusi: mwenza aliingiaje nchini, na wewe unayemwombea una hadhi gani.

Mimi ni mkalimani, si wakili, na nimekaa pembeni ya meza ya afisa na familia nyingi za kwetu. Waliopata shida kubwa karibu wote walikuwa na ndoa ya kweli. Walichokosea ni mpangilio: walituma fomu kwanza, wakauliza maswali baadaye. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio, na fomu zimekuja mbali kidogo.

Hatua ya kwanza: alivyoingia

Kaeni wawili, mzungumze kwa uwazi bila haya. Je, aliingia kwa viza na kupita mbele ya afisa wa mpakani au uwanja wa ndege? Au alivuka bila kukaguliwa? Aliingia mara moja tu au zaidi? Aliwahi kurudishwa?

Kama aliingia kwa viza halali, ya matembezi, ya masomo au nyingine, na muda ukapita akabaki, sheria ya Marekani inamsamehe mengi pale anapoombewa na mume au mke aliye raia. Kupitisha muda wa viza na kufanya kazi bila kibali havimzuii kuomba grini kadi akiwa ndani ya nchi. Ushahidi mkuu wa kuingia kihalali ni rekodi ya I-94. Walioingia kwa ndege kuanzia katikati ya 2013 huipata kwenye tovuti ya idara ya forodha na ulinzi wa mipaka, CBP. Walioingia kabla ya hapo walipewa kikadi cha karatasi kilichobanwa ndani ya pasipoti. Kikadi kikipotea, au pasipoti ikipotea na muhuri wake, usikate tamaa. Rekodi huombwa serikalini kwa sheria ya uhuru wa habari, FOIA. Inachukua muda, ndiyo maana unaanza nayo.

Kuna walioingia kwa viza na bado wana kikwazo. Aliyeingia kama baharia, kwa viza ya wafanyakazi wa melini, haruhusiwi kubadilisha hadhi, yaani kupata grini kadi, akiwa ndani hata akioa raia, na vijana wa pwani waliotelemka melini wanapaswa kulijua hili mapema. Aliyekuja kwa viza ya uchumba, K-1, anaweza kupata grini kadi ndani ya nchi kupitia yule yule aliyemwombea tu, si kupitia mchumba mwingine aliyempata baadaye. Aliyekuja kwa viza ya mabadilishano, J-1, huenda anadaiwa miaka miwili ya kurudi kwao kwanza. Angalia viza na fomu yake ya DS-2019. Na aliyeingia kwa pasipoti ya mtu mwingine ana kosa la udanganyifu linalohitaji msamaha wa peke yake. Huyo aende kwa wakili kabla ya kuandika jina lake kwenye karatasi yoyote.

Kama alivuka bila kukaguliwa, kwa kawaida hawezi kumalizia mambo yake ndani ya Marekani. Njia yake nimeieleza chini. Na kama aliwahi kukaa bila kibali kwa jumla ya zaidi ya mwaka mmoja, akatoka, kisha akaingia tena kwa kujificha, au alifukuzwa kisha akarudi kwa kujificha, hapo kuna kizuizi cha kudumu. Hakiombewi msamaha mpaka mtu awe amekaa nje ya nchi miaka 10. Ndoa haikifuti, wala watoto hawakifuti. Ni habari chungu, lakini ni afadhali aijue leo kuliko kuambiwa dirishani ubalozini.

Hatua ya pili: hadhi yako wewe

Mume au mke wa raia ni ndugu wa karibu kisheria: hasubiri foleni ya viza, na yale makosa ya kupitisha muda na kufanya kazi husamehewa. Mume au mke wa mwenye grini kadi yumo kwenye kundi linaloitwa F2A, lenye idadi maalumu ya viza kwa mwaka, na msamaha ule haumhusu. Kama viza yake imeisha, grini kadi yako peke yake haitamtoa.

Ushauri wangu kwa wenye grini kadi waliotimiza masharti ya uraia ni huu: ombeni uraia kwanza, au ombeni sambamba. Unaweza kutuma I-130, fomu ya kumwombea mwenza, ukiwa na grini kadi, na siku unapoapa kuwa raia unaijulisha USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, ombi linapanda daraja. Lile la mwenza la kupewa grini kadi, I-485, lisubiri mpaka siku hiyo.

Hatua ya tatu: chimbueni historia yake yote

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, na watu wengi hupapita mbio.

Angalieni kama kuna kesi au amri ya kuondolewa nchini. Wapo walioomba hifadhi zamani, wakahama nyumba, barua ya mahakama ikaenda kwenye anwani ya zamani, na jaji akatoa amri wao hawapo. Wanaishi na amri hiyo miaka bila kujua. Mwenye namba ya A, ile ya tarakimu nane au tisa kwenye barua za uhamiaji, anaweza kuiangalia kwenye mfumo wa simu wa mahakama za uhamiaji, 1-800-898-7180. Amri ikiwepo, lazima wakili aombe kesi ifunguliwe upya kabla ya jambo lingine. Na kama kesi bado inaendelea, kwa kawaida jaji ndiye anayeamua ombi la grini kadi.

Angalieni rekodi za polisi na mahakama, hata kesi iliyofutwa. Chukueni nakala zilizothibitishwa na karani wa mahakama. Bangi inahitaji neno la peke yake: hata katika majimbo yanayoiruhusu, sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu, na kwake bado ni dawa ya kulevya.

Kisha kuna jambo ambalo limeharibu kesi nzuri nyingi. Siku mtu anaajiriwa hujaza fomu I-9. Juu kuna viboksi, na cha kwanza kinasema "mimi ni raia wa Marekani". Mtu asiye na makaratasi, akiwa na haraka ya kazi, labda amesukumwa na msimamizi, anatia alama pale. Kudai uraia kwa uongo, kwa makosa yaliyofanyika tangu Septemba 30, 1996, ni kizuizi cha maisha kwa anayetafuta grini kadi kwa njia ya ndoa, na hakina msamaha. Kujiandikisha kupiga kura kunaweza kumletea tatizo lile lile. Muulize mwenza wako swali hili kwa upole, tena akiwa ametulia. Kama jibu ni "ndiyo" au "sikumbuki", wakili aisome fomu hiyo kabla ya yote.

Na wakili awe wakili kweli. Marekani, wanaoruhusiwa kutoa ushauri wa kisheria wa uhamiaji ni mawakili wenye leseni na wawakilishi waliothibitishwa na Wizara ya Sheria, ambao hufanya kazi kwenye mashirika yasiyo ya faida kwa ada ndogo. Mjuaji wa mtaani anayejaza fomu, hata akiwa mtu wa kwenu, hata akiwa na ofisi na kompyuta, hawajibiki chochote mambo yakiharibika. Anayekuahidi matokeo, anayekuambia usaini fomu tupu, au anayekataa kukupa nakala, mkimbie.

Kuna na matapeli wanaouza programu iliyokwisha kufa. Juni 18, 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwaruhusu waliovuka bila kukaguliwa, wenye ndoa na raia, wamalizie ndani ya nchi. Maombi yalifunguliwa Agosti 19, na Novemba 7 mwaka huo huo mahakama ya Texas ikaubatilisha. Anayedai leo kukuingiza kwenye mpango huo anakuibia.

Hatua ya nne: ndoa yenyewe

Leseni ya ndoa hutolewa na ofisi ya karani wa kaunti au wa mji, na mtu kukosa hadhi ya uhamiaji hakumnyimi haki ya kufunga ndoa. Pasipoti, hata ya nyumbani, kwa kawaida inatosha kama kitambulisho.

Tatizo hutoka kwenye ndoa za zamani. Sheria ya Marekani inaitambua ndoa iliyokuwa halali mahali ilipofungwa, pamoja na ya kimila na ya kidini pale sheria ya nchi inapozitambua. Aliyetoa mahari nyumbani na kukaa na mke kimila asijaze kwamba hajawahi kuoa. Na talaka ya mdomo, au barua ya shehe peke yake, haitoshi. Afisa anataka hati ya talaka inayotambulika na serikali ya nchi ilikotolewa, yenye tarehe ya kabla ya ndoa hii. Ndoa ya mitala haikubaliki kabisa kwa ombi hili. Kila hati ya Kiswahili iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mtafsiri asaini kwamba ni sahihi na kwamba anazijua lugha zote mbili.

Ndoa ya kununua siizungumzii kwa upole. Adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000. Zaidi ya hapo, aliyeombewa kwa ndoa ya uongo hufungiwa maombi mengine ya familia, hata akija kuoa kwa mapenzi ya kweli baadaye.

Hatua ya tano: kama aliingia kwa viza na wewe ni raia

Hapa fomu zinatumwa pamoja, kwa USCIS: I-130 yako ya kumwombea, I-130A ya habari zake, I-485 yake ya grini kadi, I-864 ya udhamini, I-765 ya kibali cha kazi. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 1, 2024, I-130 ni dola 675 kwa karatasi au 625 kwa intaneti, I-485 ni dola 1,440, na kibali cha kazi kikiambatana nayo ni 260. Fungua ukurasa wa ada wa USCIS siku ile ile unayotuma. Ada na namna ya kulipa hubadilika, na kifurushi chenye malipo yasiyo sahihi hurudishwa chote.

Vipimo vya afya, fomu I-693, hufanywa na daktari aliyeteuliwa na USCIS peke yake, naye hukukabidhi bahasha iliyofungwa. Usiifungue. Tangu Desemba 2, 2024 inatakiwa iwe ndani ya kifurushi cha I-485.

Udhamini, I-864, usomwe kabla ya kusainiwa. Unaahidi kwamba kipato chako ni angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Mwaka 2025, kwa nyumba ya watu wawili katika majimbo 48, kilikuwa dola 26,437. Kipato kisipotosha, ndugu au rafiki mwenye uraia au grini kadi anaweza kuwa mdhamini wa pamoja. Mwambieni ukweli wa anachosaini: deni hilo halifi kwa talaka. Linakwisha mwenza akiwa raia, akifikisha robo 40 za kazi (kama miaka 10), akiondoka Marekani moja kwa moja, au akifariki.

Ushahidi wa ndoa ni maisha yenu kwenye karatasi. Mkataba wa pango wenye majina mawili, akaunti ya benki inayotumika kweli, bima, vyeti vya watoto, picha za miaka tofauti na za ndugu wa pande zote. Waswahili wengi hushikwa kwenye kodi. Aliyeoa anajaza kodi kama "hajaoa" ili arudishiwe zaidi, halafu anapeleka nakala hiyo hiyo kwa USCIS kuthibitisha ndoa. Rekebisheni kodi kwanza. Mwenza asiye na namba ya hifadhi ya jamii anaweza kuombewa namba ya mlipa kodi, ITIN, kwa fomu W-7 ili mjaze pamoja.

Baada ya kutuma, zinakuja risiti, kisha wito wa alama za vidole. Mkihama, toeni taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 10. Na mwenza asitoke nje ya Marekani, hata kwa msiba. Naujua uchungu wa kufiwa ukiwa mbali, lakini akitoka bila kibali cha safari kilichokwisha kutolewa, ombi lake linahesabiwa limeachwa, na akiwa nje kile kizuizi cha miaka, nilichokieleza hatua ya sita, kinaweza kumwangukia.

Hatua ya sita: kama alivuka bila kukaguliwa

Aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 akatoka, hufungiwa miaka 3. Aliyekaa mwaka mmoja au zaidi, miaka 10. Siku za kabla ya kutimiza miaka 18 hazihesabiwi. Kizuizi hiki, kilichotokana na sheria ya 1996, huanza kufanya kazi pale anapotoka, ndiyo maana hatoki mpaka awe na msamaha mkononi.

Unatuma I-130 peke yake. Ikikubaliwa, inakwenda kituo cha viza cha taifa, NVC, unalipa ada ya viza, kisha mwenza anaomba msamaha wa awali kwa fomu I-601A akiwa bado ndani. Lazima athibitishe kwamba mume, mke au mzazi wake aliye raia au mwenye grini kadi atapata taabu iliyopita kiasi wakitengana, au akilazimika kumfuata kule. Taabu ya watoto haihesabiwi yenyewe. Inaingia kwa jinsi inavyokuumiza wewe. "Nitamkumbuka" haitoshi. Kinachobeba uzito ni ripoti ya daktari inayotaja ugonjwa na nani anakuhudumia, hesabu ya pango na nani analipa, mama mzee anayelishwa na mwenza wako kila siku. Majibu huchukua miaka, jipangeni.

Msamaha ukitoka, ndipo anakwenda kwenye mahojiano ya ubalozi. Msamaha huu unafuta kosa moja tu, la kukaa bila kibali. Afisa wa ubalozi akigundua kosa jingine, unafutika wenyewe na mwenza anabaki kule. Sasa mnaona kwa nini hatua ya tatu ni ndefu. Angalieni pia matangazo ya rais ya kuzuia viza: Somalia na Burundi ziliingizwa Juni 2025, na orodha imeongezwa tangu hapo. Kama nchi ya mwenza imo, asipande ndege mpaka wakili aseme.

Wawili wanaweza kuikwepa safari hii. Wa kwanza ni aliyeombewa na yeyote, ndugu au mwajiri, kabla ya Aprili 30, 2001 kupita, hata akiwa mtoto wa aliyeombewa wakati huo. Anaweza kumalizia ndani kwa kulipa faini ya dola 1,000. Ulizeni wazazi na wajomba. Wa pili ni mwenza wa mwanajeshi wa Marekani, aliyeko kazini au aliyewahi kutumikia, ambaye huomba ruhusa maalumu kwa fomu I-131.

Hatua ya saba: mahojiano

Mnakwenda wote wawili na hati halisi, si nakala tu. Asiyemudu Kiingereza aje na mkalimani wake mtu mzima. Afisa anawaapisha, anapitia I-485 ukurasa kwa ukurasa na yale maswali ya ndiyo na hapana, kisha anaingia nyumbani kwenu: nani anaamka kwanza, mlikutanaje, nani analipa umeme. Akishuku, anawatenganisha na kumuuliza kila mmoja peke yake. Msikariri majibu. Asiyekumbuka aseme hakumbuki. Nimeona maofisa wakipokea "sikumbuki" bila shida, na nimeona jibu la kubuni likigeuza hali ya chumba.

Tangu Februari 28, 2025, mwongozo wa USCIS ni kumpeleka mahakamani asiye na hadhi pale ombi linapokataliwa, na Novemba 2025 kulikuwa na wenza waliokamatwa San Diego kwenye mahojiano yenyewe. Mwenye amri ya zamani au kesi ya jinai asiende bila wakili. Hata asiye nayo, aache nyumbani namba ya wakili na mpango wa nani atawachukua watoto shule.

Baada ya kukubaliwa

Kama siku ya kukubaliwa ndoa haijatimiza miaka miwili, kadi inakuwa ya masharti, ya miaka miwili. Katika siku 90 za mwisho kabla haijaisha mnatuma pamoja I-751 na ushahidi mpya wa maisha yenu. Msipotuma, hadhi inakatika. Mkiwa mmeachana, mwenye kadi anaweza kuituma peke yake, akionyesha kwamba ndoa ilikuwa ya kweli.

Na anayepigwa au kutishwa kwa maneno "nitakuitia uhamiaji" asijione amefungwa. Mume au mke anayeteswa na raia au mwenye grini kadi anaweza kujiombea mwenyewe kwa fomu I-360, kwa siri, bila ada na bila saini ya mtesaji, hata kama alivuka bila kukaguliwa. Simu ya taifa ya msaada wa ukatili wa nyumbani ni 1-800-799-7233, nao huita mkalimani wa Kiswahili ukiwaomba.

Akikaa na grini kadi miaka mitatu, mkiwa bado mnaishi pamoja na wewe ukiwa raia muda wote huo, anaweza kuomba uraia kwa fomu N-400, kuanzia siku 90 kabla ya miaka hiyo kutimia. Miaka hiyo huhesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kwanza, hata kama ilikuwa ya masharti.